Mkebe wa Sadiya

Chechelesi, Isiolo
Jumapili, 6 Julai 2025
Asubuhi baridi, upepo wa vumbi tangu saa kumi na mbili. Jua limetoka saa tatu.

Mdogo wangu Sadiya,

Salaam aleikum. Barua yako nilipewa na Kendi Jumanne, ikiwa ndani ya kreti ya vitunguu, na hadi leo nikifungua droo naisikia harufu yake. Si kitu. Umesema simu yako sasa imekuwa ya nyumba nzima na shemeji zako wanasoma ujumbe kabla yako, basi tutaandikiana kwa kalamu. Kendi huenda huko Kinna kununua vitunguu kila Jumatatu na kurudi Jumanne. Mpe barua mkononi, usimpe dereva wake. Huyo nimemwona akijisafisha meno kwa kona ya risiti.

Sasa tuzungumze kama watu wenye mpango. Imebaki miezi minne kasoro siku tatu. Tarehe 3 Novemba utaketi hapa mjini kurudia mtihani wa kidato cha nne. Ukipata C, chuo cha ualimu kitakuchukua. Ukikosa, hilo jiko unalolilalamikia ndilo litakalokuwa chuo chako. Mama mkwe amekubali usome kwa sharti moja tu, kwamba kazi ya nyumba isipungue. Sawa. Haitapungua, itafanywa haraka. Unahitaji masaa mawili kila siku na mimi nitakutafutia, dakika kwa dakika.

Umeandika kwamba sufuria peke yake zinakula saa nzima. Sentensi hiyo niliisoma nikiwa kazini, chumba namba tisa cha lojingi yetu, nimeshika kwa vidole viwili shuka ambalo mtu mzima mwenye koti na tai alilitumia kupangusa viatu vyake. Chini ya kitanda aliacha mifupa ya mbuzi. Nimesimamia usafi kwa miaka sita na bado binadamu hajamaliza kunishangaza. Lakini uchafu wote una dawa, na dawa hizo nazijua.

Kabla hujaweka sufuria kwenye moto wa kuni, ipake mgongoni uji mzito wa jivu na sabuni. Masizi yatashika ule uji, hayatashika sufuria. Ukimaliza kupika, mimina maji kidogo na yote yatatoka kama ganda. Sufuria iliyoungua ndani usiikwaruze. Weka maji na magadi kijiko kimoja, chemsha, iache ilale hadi asubuhi. Maharagwe yaloweke usiku, utaokoa kuni na nusu saa. Kitambaa cha vyombo kichemshe na chumvi kila Ijumaa. Hicho ulichonielezea, chenye utelezi, sitaki hata kukifikiria. Kichome.

Usiku panga kila kitu cha asubuhi: vijiti vya kuwashia moto, majani ya chai, sukari, vikombe vikiwa vimefunikwa. Mtu anayetafuta kiberiti gizani anapoteza dakika sita. Nimepima.

Andika muda wako kabla na baada, uniletee hesabu. Nazima taa saa tatu na nusu, kama kawaida yangu.

Dadako,
Madina


Kinna
Jumanne, 15 Julai 2025

Dada Madina,

Aleikum salaam. Sisi wazima. Mume wangu Abdullahi anakusalimia, yuko shambani na mfereji wao tangu alfajiri, zamu yao ya maji imefika.

Dada, ule uji wa jivu! Mama mkwe alinitazama nikipaka sufuria akadhani nimerukwa na akili. Akaniuliza, "Unaivisha nguo?" Lakini nilipoiosha kwa kupitisha mkono tu, aliichukua akaigeuza juani, akaigeuza tena. Siku ya pili nikamkuta anaipaka ya kwake. Nimeokoa dakika arobaini, nimezipima kwa saa ya msikiti na kwa simu nilipoipata. Nimesoma sura mbili za Historia.

Kitambaa nimekichoma. Kiligoma kushika moto, kilitoa povu kwanza.

Sasa kuna jambo ninaona aibu kuliandika, lakini wewe ndiwe daktari wa uchafu. Shemeji zangu, Sora na Kalicha, wakitoka shambani hukaa barazani na miraa yao hadi usiku, pamoja na marafiki. Wana mkebe mkubwa wa rangi wa kutemea. Kila kitu kinaingia humo: mate, makapi, bazoka wanazotafuna pamoja na miraa, majivu ya sigara, chai iliyobaki. Mkebe huo hauna mwenyewe. Kila mmoja anangoja mwingine aumwage, kwa hiyo haumwagwi hadi harufu imshinde mmoja wao. Makapi yanashikana pembeni yanakuwa kama tope la kijani lenye ngozi juu, na nzi wanatembea juu ya hiyo ngozi bila kuzama. Jana upepo uliuangusha mlangoni pangu. Nilitapika, dada, na nilikuwa nimefunga siku ya Jumatatu.

Kuna njia?

Mimi mdogo wako,
Sadiya


Chechelesi
Jumapili, 20 Julai 2025
Mawingu mazito hadi saa nne, hakuna tone. Baridi ya kuvaa sweta.

Sadiya,

Nilisoma barua yako kabla ya kula, kosa langu. Nzi kutembea juu bila kuzama! Chai nilimwaga.

Njia ipo. Wanunuzi wa miraa wakilala kwetu huacha vyumba hivyo hivyo, na Karimi, mwenzangu wa kazi, alikuwa akikwaruza mikebe yao kwa kijiti huku akilia. Nikamfundisha hivi. Kila jioni, kabla hawajaketi, weka mchanga mkavu chini ya mkebe, kina cha vidole viwili, na juu yake jivu, kina cha vidole viwili. Uchafu utaanguka juu ya jivu, hautashika bati, na harufu itakufa. Asubuhi unaupindua mkebe kwenye shimo, vyote vinatoka kwa pigo moja. Dakika mbili. Hugusi chochote. Jivu hilo hilo, ukilimwaga chooni kila jioni, nzi wataenda kutafuta jirani.

Na kwa nguo: loweka usiku kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, nyeupe mbali, za shamba mbali. Soksi zigeuze ndani nje kabla ya kuloweka, maana uchafu wa soksi uko ndani na watu wanafua nje. Asubuhi utakuwa unasuuza tu.

Kwa hesabu yangu, pamoja na maharagwe na maandalizi ya usiku, umefika saa moja na dakika ishirini. Ukiongeza haya, masaa mawili yametimia. Soma kuanzia saa mbili na nusu hadi saa nne na nusu asubuhi, wakati wanaume wako shambani. Mimi nilipata B nikiwa na mpango, si akili nyingi kuliko wengine. Mpango.

Nimelala saa tatu na nusu usiku wa jana na leo nitafanya hivyo hivyo.

Madina


Kinna
Jumanne, 5 Agosti 2025

Dada,

Aleikum salaam. Naandika haraka, Kendi anapakia.

Mkebe umekubali. Unatoka kwa pigo moja kama ulivyosema. Wamefurahi sana. Sora aliwaita hata marafiki zake waje waone. Sasa wanauita mkebe wa Sadiya.

Yote sawa. Kazi ziko kidogo. Je, kuna njia ya haraka ya soksi na mashati ya watu sita? Na kama maharagwe ni ya sufuria kubwa, ile ya harusi, magadi yanawekwa kiasi gani?

Salimia Karimi.

Sadiya


Chechelesi
Jumapili, 10 Agosti 2025
Kumekucha bila upepo. Joto limerudi, mlima unaonekana wazi.

Mdogo wangu,

Barua fupi ni dalili ya mtu mwenye shughuli, na mimi nafurahi. Mkebe wa Sadiya! Nilimsomea Karimi, tukacheka hadi meneja akatoka ofisini.

Kwa nguo za watu sita, usifue mtu kwa mtu, fua aina kwa aina: mashati yote, suruali zote, soksi mwisho kwa maji yaliyobaki. Kola zisugue kwa sabuni kavu kabla ya kuloweka. Kwa maharagwe ya sufuria kubwa, magadi ncha ya kijiko tu, ukizidisha yatakuwa na ladha ya dawa ya choo. Ujue kuna mtu aliwahi kunipikia hivyo.

Naambatanisha karatasi ya majaribio ya Hesabu. Ifanye kwa masaa mawili na nusu, usitazame majibu, umpe Kendi. Kwa hesabu yangu sasa una masaa mawili na dakika kumi kila siku, yaani tangu nianze kukushauri umesoma si chini ya masaa arobaini. Natarajia alama zinazofanana na masaa hayo.

Nazima taa saa tatu na nusu.

Madina


Chechelesi
Jumapili, 31 Agosti 2025
Vumbi tangu alfajiri, jekundu. Nimefagia mlango mara tatu kabla ya saa mbili.

Sadiya,

Wiki tatu bila barua. Jumanne Kendi amenirudishia karatasi ya Hesabu. Nimeifungua mbele yake na nikaona aibu kwa ajili yako mbele ya mtu wa nje.

Swali la kwanza umejibu nusu. La pili umeandika namba tu. Kuanzia la tatu hadi la ishirini na nne ni tupu. Si tupu kabisa, maana katikati kuna duara la kikombe chenye mafuta, na pembeni alama ya kidole cha kijani ambayo naijua ni ya nini. Karatasi niliyoilipia kuchapishwa, mtu ameifanya sinia. Nimeishika kwa vidole viwili kama ninavyoshika mashuka ya namba tisa.

Nimekupa kila dakika. Sijawahi kumpa mtu yeyote mbinu zangu zote bure, hata Karimi nilimfundisha kidogo kidogo. Kama masaa mawili unayatumia kulala au kupiga soga na yule jirani yako Zeinab, sema, nami niache kupoteza wino. Nimewahi kuona uzembe huu kwako. Ni ule ule wa darasa la saba, uliporudia mwaka mzima kwa sababu hukutaka kufungua kitabu.

Kinachonichukiza si uchafu wa karatasi. Uchafu unasafishika.

Madina


Kinna
Jumanne, 16 Septemba 2025

Dada Madina,

Salaam aleikum. Barua yako nimeisoma chooni, mlango nikiwa nimeuegemea kwa mgongo, maana hapo ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu anayenituma. Choo hakina nzi. Jivu linafanya kazi.

Nitakuambia masaa yako yamekwenda wapi.

Nilipomaliza sufuria mapema, mama mkwe alisema kumbe nina nafasi, nikaongezewa kusaga. Nilipomaliza nguo mapema, Kalicha akaleta za kwake, awali alikuwa akizifua mwenyewe mferejini. Kisha Sora, kisha marafiki wawili wanaolala hapa msimu wa vitunguu. Ndio hao watu sita, ukiwaongeza Abdullahi na mama mkwe. Maharagwe ya sufuria kubwa ni ya vibarua wa shamba la jirani, Abdullahi aliahidi kwamba mke wake anapika haraka, anajua mbinu za mjini. Amejisifu kwa ajili yangu, sikuweza kumwaibisha.

Na mkebe. Mwanzoni haukuwa na mwenyewe, nilikuandikia hivyo. Mara moja kwa wiki mmoja wao alichoka na harufu akaumwaga. Siku nilipoweka mchanga na jivu, ukawa wangu. Sasa ni mikebe miwili, mmoja wa wageni. Jioni nikichelewa kuweka jivu Sora ananiita mbele ya watu, "Sadiya, mkebe wako!" Wangu. Siku ile ya karatasi ya Hesabu niliiweka kando dakika moja nikapange mikebe, nikarudi nikakuta imewekewa kikombe.

Kila dakika uliyonitafutia walikuwa wameshaiona kabla yangu. Ningekuwa mvivu kama unavyosema, ningekuwa na muda zaidi.

Utaniuliza kwa nini sikukataa. Wewe unajua desturi yetu. Jina la mama mkwe sina ruhusa hata ya kulitaja, nikikutana na neno linalofanana nalo nazunguka. Mtu ambaye siwezi kulitaja jina lake nitamkataliaje kazi?

Kuhusu darasa la saba. Sikutaka kuliandika hili lakini wewe umelianza. Wewe unaandika kila kitu. Shajara zako zote unazo kwenye lile sanduku la bati. Toa ya mwaka wa 2016, ulipokuwa kidato cha nne. Isome kama unavyosoma karatasi yangu.

Sadiya


Chechelesi
Jumapili, 28 Septemba 2025
Asubuhi kimya, joto. Wingu moja upande wa mlima. Sikuona lingine lolote kwa sababu sikutoka nje.

Mdogo wangu Sadiya,

Nimeitoa. Nilingoja hadi Jumamosi, nikijidai nina kazi.

Mwandiko ni mzuri. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona na ndicho kinachonitia kichefuchefu zaidi, kwamba mwandiko ni mzuri. Nakunakilia ukurasa mmoja kama ulivyo:

"Jumatatu, 7 Machi 2016. Anga safi. Nimeamka saa kumi na nusu. Kemia hadi saa kumi na mbili. Maji: S. Kuni: S. Vyombo: S. Nguo zangu za shule: S. Jioni Hesabu, masaa mawili bila kusumbuliwa. Nimelala saa tatu na nusu."

S. Hata jina sikulimaliza. Nimehesabu kurasa ambazo maji ni S. Ni mia mbili na kumi na moja. Mama alikuwa anaondoka na maziwa kabla ya alfajiri, baba hayupo, na mimi nilichora ratiba nikaibandika ukutani, na kila mtu aliyeingia alisema, mtazameni Madina, ana mpango. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikuwa unafika shuleni saa mbili na nusu, unapigwa kwa kuchelewa.

Kuna ukurasa mwingine. Tarehe 14 Juni. Nimeandika: "S. ana homa, analia. Maji yamechelewa." Kesho yake sikuandika kama ulipona. Niliandika kwamba maji yamekuja kwa wakati.

Nimesafisha vyumba vilivyotapikiwa, nimetoa vitu kwenye sinki ambavyo sitavitaja, lakini sijawahi kupata kinyaa kama hiki, na hakuna cha kuchemsha. Ile B si ya mpango. Wewe ndiye uliyeniwekea mchanga na jivu.

Sitaandika ushauri tena. Ushauri wangu ulikuwa unafanya kazi vizuri sana, ila kwa wengine.

Nimefanya haya badala yake. Jana nilimpigia Abdullahi. Nilimwambia mtahiniwa anatakiwa awe karibu na kituo cha mtihani. Akasema ni kweli, lakini nyumba itabakije bila mwanamke, mama anaumwa magoti. Nikamwambia haitabaki, nitaingia mimi mahali pako. Akauliza lini. Nina likizo ya miaka miwili ambayo sijawahi kuichukua, meneja alinitazama kama nimeomba jengo. Jumatatu tarehe 13 Oktoba nitapanda gari la Kendi kwenda, na Jumanne wewe utapanda kurudi. Ufunguo utaupata kwangu. Shuka nimebadilisha. Karimi atakuletea chakula mchana, usipike. Usioshe hata kijiko. Nikirudi nikikuta sufuria inang'aa nitakasirika.

Jana nililala saa saba na robo.

Madina


Chechelesi
Jumapili, 2 Novemba 2025

Dada,

Salaam aleikum. Asubuhi ya leo kuna mvua nyembamba, nimeona niandike hivyo kwa sababu niko kwenye meza yako.

Wiki mbili na nusu nimelala hapa na bado nikiamka saa kumi miguu inatafuta viatu yenyewe. Halafu nakumbuka hakuna kitu. Siku ya kwanza niliketi kitandani nikalia, si kwa huzuni, nilikuwa sijui nianze wapi. Siku ya pili nikafungua Hesabu. Ile karatasi ya duara la kikombe nimeifanya yote, Karimi akapeleka kwa mwalimu anayelala lojingi namba nne. Amesema arobaini na nane kwa mia. Alisema, "Huyu msichana hakukosa akili, alikosa kiti." Karimi akamwambia, "Na meza, mwalimu."

Nyumba yako ni safi mno, naogopa kunywa chai. Sufuria anazoniletea Karimi chakula zimekaa chafu siku nne kama ulivyotaka. Jana alichungulia jikoni akazikuta, akasema, "Madina akiona hivi atazimia," nikamwambia ni amri yake. Akaziosha akinung'unika.

Kesho ndiyo siku. Kalamu tatu, kitambulisho, rula. Nimeweka mezani tangu jana, nimefunika, kama vikombe.

Hujaniandikia tangu ufike. Wanakutendaje? Na mkebe, dada? Niambie ukweli, sitashtuka.

Sadiya


Kinna
Jumatatu, 3 Novemba 2025
Mvua kubwa tangu saa tisa usiku, imepungua saa moja asubuhi. Tope hadi kifundo. Mfereji umejaa.

Sadiya wangu,

Kendi amenipa barua yako mchana nikiwa na karai kichwani. Unaposoma barua hii, karatasi ya kwanza itakuwa imepita, kwa hiyo sikuombei tena, nilikuombea alfajiri.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na haya. Siku ya kwanza nilikuja na ratiba. Ndiyo, nilikuja nayo, imechapishwa. Kufikia saa nne mvua ililowesha kuni, uji wa jivu ukadondokea moto, maji ya mfereji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ratiba niliitumia kuwasha jiko. Mikono yangu imepasuka. Nimesimamia usafi miaka sita, Sadiya, na kumbe neno lenyewe lilinieleza, nilikuwa nimesimama.

Sasa mkebe. Jioni ya kwanza sikuweka mchanga wala jivu. Sikuumwaga wala kuugusa. Mkebe wa pili pia. Siku ya nne ulikuwa na ile ngozi, na nzi wakitembea juu kama ulivyoandika, nikasadiki kila neno lako. Sora akaita kutoka barazani, mbele ya wageni wake:

"Shemeji! Mkebe wako umejaa!"

Nikatoka na mwiko mkononi. "Wangu? Mimi sitafuni miraa."

"Basi ni wa Sadiya."

"Sadiya anatafuna?"

Mmoja wa wageni alicheka. Kalicha akasema, "Dada, ni desturi tu ya hapa." Nikamjibu kwamba desturi ya hapa naijua, mimi si Mjerumani, na sijasikia ukoo wa Borana wenye desturi ya mate.

Mama mkwe wako alikuwa mlangoni na magoti yake. Nilidhani atanifukuza. Aliutazama mkebe, uso wake ukiwa umekunjamana. Akasema polepole, "Mimi niliosha wa baba yao miaka thelathini. Kwa mkono." Nikamuuliza, kwa adabu, kama alizoea. Alitema mate pembeni, yule mama, yeye mwenyewe! "Sikuzoea hata siku moja. Nilikuwa nafunga pua kwa mtandio ili asione nimekunja uso." Kisha akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwenye maumivu ya magoti: "Sora! Kalicha! Njooni mchukue uchafu wenu!"

Wakachukua. Kalicha alitapika nyuma ya zizi. Nilimsikia, na nitakuwa mkweli, nilisimama nikasikiliza hadi mwisho.

Suala la maji nalo lilijimaliza lenyewe. Zeinab jirani aliniona nimebeba mitungi miwili siku tatu mfululizo, akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Mgeni wa nyumba hii ndiye anayechota maji? Wanaume wamehamia wapi?" Wewe ungechota miaka ishirini asiseme kitu, wewe ni wa nyumba. Mgeni akichota, ni aibu ya ukoo. Jioni hiyo Abdullahi alitoa pikipiki, akafunga mitungi minne, akaenda mwenyewe na Sora. Wanatumia dakika kumi na tano. Wewe ulikuwa unatumia saa moja na nusu. Pikipiki ilikuwa hapo siku zote, imefunikwa kwa gunia.

Sitakudanganya kwamba nimebadilisha nyumba. Kuni bado ni za mwanamke, vibarua bado wanakula, na nikiondoka sijui kama Sora ataendelea. Nimemwambia Abdullahi nitakuja kila mwezi, na nikiwa hapa mimi ni mgeni, na nitachota maji mchana kweupe. Hakupenda. Amekubali.

Mama mkwe ameniuliza leo matokeo yanatoka lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole.

Sitaandika mengine, mwanga unakwisha na vyombo vinaningoja. Nimeanza daftari jipya na nakunakilia ukurasa wa leo, kama nilivyokunakilia ule:

Maji: Sora na Abdullahi. Kuni: Madina. Kusaga: Madina. Vyombo: Madina. Maharagwe ya watu kumi na mmoja: Madina. Mikebe: wenye mate. Karatasi ya kwanza: Sadiya.

Dadako,
Madina

Jumanne asubuhi, Kendi anapiga honi. Mvua imekatika. Jana usiku nilimaliza vyombo vya mwisho, nikaketi kidogo, nikajiuliza wewe ulikuwa unasoma saa ngapi. Nililala saa sita kasoro dakika kumi.